Semista Ulaya, semista Kampala, au wiki nne za likizo? Ulinganisho kwa mwanafunzi wa Mwanza

Januari hii binti mmoja wa mwaka wa pili alinifuata mpaka stendi ya Nyegezi, nilikokuwa nasubiri mzigo kutoka Bukoba. Aliniamkia, nikaitikia, na kabla sijamuuliza habari za nyumbani akatoa karatasi mbili kwenye bahasha ya kaki. Moja ilikuwa tangazo la nafasi ya kusoma semista moja Ujerumani, nyingine la semista moja Kampala. "Nyumbani wote wanasema Ulaya," akaniambia. "Wanasema bahati haiji mara mbili. Lakini mimi moyo unasita, kaka. Wewe ulikwenda."

Sikumwambia aende wapi. Nilimuuliza swali moja: ukisharudi, unataka uwe na nini mkononi ambacho leo huna? Hakuwa na jibu la haraka, na hata mimi sikuwa nalo nilipokuwa na umri wake. Tulikaa kwenye benchi karibu saa nzima. Niliyomweleza siku ile nimeyaandika hapa, maana najua yupo mwingine Malimbe, Bugando au Igoma mwenye bahasha kama ile.

Niseme kwanza nayatoa wapi haya. Mimi nilisoma semista moja katika mji mmoja wa jimbo la Bavaria, Ujerumani. Mdogo wangu wa kike alisoma semista moja Kampala. Rafiki yangu ambaye sasa ni daktari alikwenda Ulaya kwa wiki nne tu, wakati wa likizo. Tumelinganisha mambo haya mara nyingi sisi watatu tukiwa na sato mbele yetu, na mpaka leo kila mmoja anatetea safari yake. Kwa hiyo sina njia ninayoipigia debe.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni programu ya Umoja wa Ulaya iitwayo Erasmus+. Erasmus ilianza mwaka 1987 kwa ajili ya wanafunzi wa Ulaya wenyewe, na tangu 2015 kuna dirisha linalopokea wanafunzi wa vyuo vya nje ya Ulaya, vyetu vikiwemo. Unabaki mwanafunzi wa chuo chako, unakwenda kusoma kwa miezi 2 hadi 12, na chuo mwenyeji hakikutozi ada. Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba huombi peke yako. Lazima chuo chako kiwe na makubaliano na chuo cha kule, tena katika fani yako. Kama makubaliano hayapo, hata ungekuwa na GPA ya 4.9 mlango huo haupo.

Ya pili ni kuvuka ziwa tu: Kampala, au Nairobi, au vyuo vya upande wa Kisumu. Hapa nitazungumzia Kampala kwa sababu ndiko mdogo wangu alikokwenda. Wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walitangaza mwaka 2017 kwamba jumuiya yetu ni eneo moja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala ndilo linaloratibu. Kwa vitendo, bado unakwenda kwa makubaliano kati ya vyuo viwili, au unajisajili kama mwanafunzi mgeni wa muda.

Ya tatu ni ya wiki nne. Kwa wanafunzi wa udaktari kuna ubadilishanaji wa shirikisho la kimataifa la vyama vyao, IFMSA, lililoanzishwa mwaka 1951. Hapa nchini unapitia TAMSA, chama cha wanafunzi wa udaktari. Anakwenda mmoja, anakuja mmoja. Wa fani nyingine wanaweza kutazama kozi za kiangazi za vyuo vya nje, ambazo kwa mengi nitakayosema zinafanana nayo.

Nitazipima njia hizi kwa mambo matano: kama masomo yatahesabika, fedha, makaratasi, maisha ya kila siku, na unachorudi nacho.

Je, masomo yatahesabika?

Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloliza watu, na ndilo ambalo matangazo hayalisemi.

Kwa mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mzima ni krediti 120. Ulaya wanatumia kipimo kiitwacho ECTS: mwaka ni 60, semista ni 30, na kila kimoja kinabeba saa 25 hadi 30. Ukilinganisha mwaka kwa mwaka, ECTS moja inakaa mahali pa krediti zetu mbili. Somo la ECTS 5 ni kama krediti 10 za kwetu. Sasa piga hesabu: mwanafunzi anayechukua masomo matatu ya namna hiyo ili apate nafasi ya kutembea, anarudi na nusu ya semista. Nusu ya pili itamngoja mwaka wa tatu, wakati ana utafiti wa kuandika.

Halafu kuna alama. Sisi tumezoea GPA ambayo kilele chake ni 5.0. Ujerumani namba zinashuka kadiri unavyofanya vizuri: 1.0 ndiyo bora kabisa, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, na 5.0 ni kufeli. Nilirudi na 1.7 katika somo nililolipigania usiku na mchana. Mama mmoja wa ofisini aliikodolea macho ile karatasi, akanishika mkono, akasema, "Pole sana mwanangu." Ilibidi nigeuze ukurasa wa nyuma, ulioeleza mizani ya alama, nimsomee mstari kwa mstari. Karatasi hiyo ya nyuma usiiache kule. Iombe, na iwe na mhuri.

Karatasi kubwa kuliko zote ni mkataba wa masomo. Unaorodhesha somo utakalosoma kule na somo la hapa litakalofidiwa, na unasainiwa na watu watatu: wewe, chuo chako, chuo mwenyeji. Mimi nilifika nikakuta somo moja kati ya niliyoyaorodhesha linafundishwa kwa Kijerumani. Nikachagua jingine linalofanana nalo, nikaandika barua pepe nyumbani, na nikaanza kusoma bila kungoja sahihi mpya. Nilifaulu vizuri. Niliporudi, somo lile halikuwa kwenye mkataba, na hoja yangu ikaishia hapo. Nikakari, yaani nikarudia, somo ambalo sikulifeli. Mwaka wa tatu nilikaa darasani na wadogo zangu wa mwaka wa pili, na kila Jumanne asubuhi nilijilaumu kwa ile sahihi moja. Ukibadilisha somo, hata moja, usifungue daftari mpaka karatasi mpya iwe na sahihi zote tatu.

Kule pia kusoma somo na kufanya mtihani wake ni usajili wa aina mbili. Kuna dirisha la kujisajili kwa mtihani kwenye mtandao wa chuo, na likifungwa limefungwa. Mkenya mmoja tuliyekaa naye hosteli moja alihudhuria somo kuanzia kipindi cha kwanza hadi cha mwisho, akakosa mtihani kwa sababu alidhani jina lake liko tayari, kama ilivyo kwao.

Kuhusu kalenda, semista ya baridi ya Ujerumani inaanza Oktoba na kwisha Machi, hivyo inakaa karibu sana na semista yetu ya kwanza. Tatizo ni matokeo. Mihadhara inakwisha Februari, lakini mitihani na insha ndefu zinaweza kuendelea hadi Machi, na transkripti yangu ilifika Mei. Kwa miezi yote hiyo jina langu lilikaa kwenye orodha ya matokeo bila alama. Omba mapema barua ya idara inayosema matokeo yako yatasubiriwa mpaka tarehe fulani.

Kampala ina unafuu wake hapa, na ina mtego wake pia. Unafuu ni kwamba mfumo unafanana na wetu: majaribio ya katikati, mtihani wa mwisho, GPA yenye kilele cha 5. Mtego wa kwanza uko kwenye herufi. Makerere A inaanzia 80, wakati vyuo vyetu vingi A inaanzia 70. Mdogo wangu alipata 76 katika somo lake kuu. Kule ni B+, hapa ingekuwa A. Kabla hujaondoka, idara iandike kama itahamisha maksi au itahamisha herufi. Kwake waliandika maksi, na tofauti ilionekana kwenye GPA yake ya mwisho. Mtego wa pili ni kalenda. Semista zao zinaanza Agosti na Januari. Ya Januari itakukuta hujamaliza mitihani yako ya semista ya kwanza huku. Ya Agosti ndiyo inayofaa: unakwenda wenzako wakiwa likizo, unamaliza Desemba, na unakuwa na wiki kadhaa za kupumua kabla ya semista ya pili.

Wiki nne hazina mzigo wa krediti. Unapata cheti na sahihi ya daktari aliyekusimamia, na semista yako haikuguswa. Shule nyingine hukubali kuzihesabu kama mafunzo ya hiari, ulizia yako.

Fedha

Posho ya Erasmus+ kwa mwanafunzi anayetoka nchi kama yetu ni kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi, kutegemea nchi unayokwenda, na kuna fungu la nauli kulingana na umbali. Kwa mji wa wastani fedha hiyo inatosha kuishi: chumba cha hosteli, bima ya afya ambayo peke yake inapita euro 100 kwa mwezi, chakula, na kinachobaki. Wapo waliorudi na akiba. Mimi nilirudi na kompyuta.

Lakini mwezi wa kwanza ni mwezi wa kujitegemea. Huwezi kulipwa bila akaunti ya benki, na benki itataka anwani, na anwani inathibitishwa kwa kujiandikisha ofisi za mji, jambo ambalo unatakiwa kulifanya ndani ya wiki mbili tangu uhamie. Huku nyuma mwenye nyumba anataka kodi na dhamana. Posho yangu ya kwanza iliingia wiki ya nne. Niliishi kwa fedha alizokopa mama kwenye kikoba chake cha Buhongwa, na deni lile nililirudisha kabla sijanunua hata jaketi la pili. Usiondoke na chini ya matumizi ya mwezi mmoja na nusu mfukoni.

Kampala mambo yamegeuka. Hakuna posho inayokusubiri, isipokuwa umebahatika kupata ufadhili wa pembeni. Kwa makubaliano mazuri unaendelea kulipa ada chuoni kwako na kule hulipi, lakini chumba na chakula ni juu yako. Habari njema ni kwamba bei za kule zinashikika kwa mkono wa mzazi wa Mwanza. Mdogo wangu alitumia kwa mwezi fedha isiyozidi sana ile aliyokuwa akiitumia kwenye geto lake hapa, na mambo yalipombana, baba alimtumia fedha kwa simu na zikafika siku hiyo hiyo.

Wiki nne, wanaodhani ni rahisi kwa sababu ni fupi hukosea. Wenyeji wanakupa malazi na angalau mlo mmoja kwa siku, na basi. Nauli ya ndege, viza na bima ni vyako. Viza ya muda mfupi ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, ni euro 90, na bima yake lazima iwe na kinga ya euro 30,000 au zaidi. Baba mdogo wa rafiki yangu aliuza ng'ombe wawili kule Magu kwa ajili ya tiketi ile. Daktari huyo bado humtaja mzee kila tunapozungumzia safari yake.

Kwa mnufaika wa Bodi ya Mikopo, kuna jambo la kufanya kabla hujasaini fomu yoyote. Nenda dawati la mikopo la chuo, uliza utasainije bumu, yaani fedha yako ya kujikimu, ukiwa nje, na uliza itakuwaje matokeo yako yakichelewa. Omba majibu kwa maandishi.

Makaratasi

Zote tatu zinaanzia kwenye kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa na pasipoti. Kama huna pasipoti, anza leo, kabla hata ya kujua unakwenda wapi.

Kwa Ulaya, semista nzima inahitaji viza ya muda mrefu, na ubalozi uko Dar es Salaam. Kwa sisi wa kanda ya ziwa hiyo ni gharama isiyoandikwa popote. Mimi nilikwenda Dar mara mbili kwa basi, kupeleka maombi na kuchukua pasipoti. Siku hizi unaweza kufika Dodoma kwa basi na kumalizia kwa treni ya SGR, iliyoanza safari za Dar na Dodoma mwaka 2024, na mgongo wako utakushukuru. Panga miadi miezi mitatu kabla, na tiketi ya ndege isiyorudishiwa fedha usiiguse mpaka viza iwe ndani ya pasipoti.

Kampala Mtanzania haombi viza. Unapanda basi, unapita Geita na Bukoba, unagonga muhuri Mutukula na unaonyesha kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ukishafika unashughulikia pasi ya mwanafunzi, na chuo husaidia. Mdogo wangu alivuka kwa kivuko cha Kigongo na Busisi akiwa amesubiri foleni ndefu juani. Tangu Juni 2025 daraja la kilomita 3 limefunguliwa pale, na ule mvuko ambao ungeweza kukuharibia siku nzima sasa ni dakika chache.

Wiki nne zina viza ya muda mfupi, ambayo maombi yake hayana tofauti kubwa na ya muda mrefu: mialiko, taarifa za benki, uthibitisho kwamba utarudi. Kwa siku ishirini na nane hizo, ni makaratasi mengi.

Maisha ya kila siku

Bavaria nilifika mwanzoni mwa Oktoba majani yakiwa mekundu, nikadhani nimeshaiona baridi. Sikuwa nimeiona. Desemba giza linaingia saa kumi na nusu jioni. Unatoka maktaba ni usiku, unaingia chumbani ni usiku, na ukuta wa jirani hausemi kitu. Baridi ya mwilini ina dawa, ni jaketi. Upweke ndio ulionishika. Watu wa kule si wabaya; wanakusalimu, wanakuelekeza, wanakusaidia na fomu. Ila hakuna anayegonga mlango bila miadi, na mimi nimekulia Mabatini ambako mlango haugongwi kabisa, unafunguliwa tu.

Kilichoniokoa kilikuwa mfuko wa dagaa. Mama aliufungasha mara tatu kwenye nailoni, kisha kwenye taulo, mimi nikiogopa kwamba utachukuliwa uwanja wa ndege. Haukuchukuliwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya inakataza abiria kuingia na nyama au maziwa kutoka kwetu, lakini samaki kwa matumizi yako mwenyewe wanaruhusiwa, hadi kilo 20. Jumapili moja ya Novemba niliwakaanga kwa vitunguu na nyanya kwenye jiko la pamoja. Harufu ilipanda ghorofa zote tatu. Akaja Mkenya, akasema, "Hii ni omena!" Akaja Mganda, akasema hapana, ni mukene. Nyuma yao wakaja Wajerumani wawili na Mturuki mmoja kuuliza kuna nini. Tulikula kwa mikono, ugali nikiwa nimeusonga kwa unga wa mahindi wa chengachenga niliouokota dukani. Tangu siku ile mlango wangu uligongwa.

Darasani nako kuna jambo la kuzoea. Profesa anakungoja umpinge. Wiki za mwanzo nilinyamaza kwa heshima, na kunyamaza kule kulisomeka kama kutojiandaa.

Kampala hakuna baridi wala giza la saa kumi, na saa ni ile ile ya nyumbani. Mdogo wangu alipanga Wandegeya, chini ya kilima cha Makerere, akawa anakula chapati iliyokunjwa na mayai, ambayo wenyewe wanaiita rolex, na kupanda boda kama hapa. Samaki ni wale wale wenye majina mengine: sangara ni mputa, sato ni ngege. Anayetoka Bukoba ataona kama yupo kwa shangazi. Ndizi ni zile, senene ni wale, na Kihaya kinampa mwanzo mzuri wa kukielewa Kiganda. Sisi wengine tunajifunza. Usitegemee Kiswahili sana. Darasani na barazani ni Kiingereza na Kiganda. Hatari ya Kampala ni kwamba ugeni wake hauonekani. Mdogo wangu alikuwa na kundi la Watanzania tangu siku ya pili, na anakiri mwenyewe kwamba miezi miwili ilipita kabla hajapata rafiki wa Kiganda wa kweli.

Wiki nne hazitoshi kuugua upweke. Zinatosha kustaajabu. Rafiki yangu anasema alitazama zaidi ya kushika: lugha ya wodini hakuijua, na wagonjwa hawakuwa wake. Mwanafunzi aliyezoea zamu za hospitali zetu, ambako mikono inahitajika saa zote, ajiandae kusimama nyuma.

Unachorudi nacho

Kutoka Ulaya nilirudi na uzoefu wa maktaba isiyofungwa, mazoea ya kuandika insha ya kurasa ishirini kwa hoja yangu mwenyewe, Kijerumani cha sokoni, na barua ya profesa iliyonifungulia ombi la shahada ya pili. Kama nia yako ni shahada ya uzamili nje, barua ya namna hiyo ina uzito.

Kutoka Kampala mdogo wangu alirudi na kitu ambacho mimi sina: watu anaowapigia simu leo kikazi. Anafanya kazi ya mazingira ya ziwa. Ziwa letu ni moja, na shirika la uvuvi la nchi zetu tatu liko Jinja, kamisheni ya bonde la ziwa iko Kisumu. Aliosoma nao wametawanyika katika ofisi za aina hiyo. Akihitaji takwimu za upande wa pili wa maji, anazipata kwa ujumbe mfupi. Watu wanaipuuza Kampala kwa sababu ni karibu, na nadhani wanapuuza vibaya.

Daktari alirudi na mambo mawili mahususi aliyoyaona wodini, likiwemo la kila dozi ya hatari kukaguliwa na watu wawili kabla ya kutolewa, na akayasemea katika mafunzo yake ya vitendo huku. Pia alirudi akijua kwa hakika kwamba anataka kufanya kazi nyumbani. Wiki nne zilimtosha kujua hilo.

Tunapobishana, mtu huwa anamtaja Mwalimu. Kijana wa Butiama, mwambao huu huu wa ziwa, alisoma Makerere kuanzia 1943 hadi 1945, akaja kwenda Edinburgh mwaka 1949 na kumaliza 1952. Alikwenda kuchukua vyeti kamili, kwa hiyo si mfano wa semista moja. Ninachokiona pale ni mfuatano: jirani kwanza, mbali baadaye, na cha kwanza kikiwa kimeshamkomaza.

Kwa hali yako

Kama hujawahi kulala nje ya mkoa wako na wazo la kuishi peke yako linakunyima usingizi, Kampala ni hatua inayobebeka, na Ulaya haitahama. Kuna jambo la kufanya hata kabla ya hapo: wapokee wageni. Mwanza ina undugu na mji wa Würzburg tangu 1966 na mji wa Tampere wa Finland tangu 1988, na wanafunzi wa udaktari kutoka nje huonekana Bugando kila mwaka. Jitolee kumzungusha mmoja, kutoka Kirumba hadi Kamanga, mwezi mzima. Utajifunza kusikiliza lafudhi yao na wao watakueleza yasiyo kwenye tangazo.

Kama uko mwaka wa mwisho, au una sapu, yaani mtihani wa marudio, inayokungoja, semista yoyote ya nje ni hatari, iwe ya karibu au ya mbali. Wiki nne za likizo zinakufaa zaidi, ilimradi nauli haitoki kwenye ada ya mdogo wako.

Kama familia haiwezi kuongeza hata shilingi kwenye ulichonacho, Erasmus+ ndiyo yenye posho, lakini tafuta kwanza mtu wa kukukopesha mwezi wa kwanza, umjue kwa jina. Kampala bila ufadhili itakuelemea taratibu, mwezi hadi mwezi.

Kama kazi unayoitaka iko kwenye uvuvi, mazingira, biashara ya mpakani, uandishi wa habari wa kanda hii au afya ya jamii za mwaloni, ningekusihi uitazame Kampala kwa macho mawili. Kama unalenga utafiti wa maabara au uzamili nje ya Afrika, Ulaya inakupa zaidi.

Kama wewe ni wa udaktari na ratiba ya wodi haikupi semista ya kuazima, wiki nne ndizo zako, na uchague nchi ambayo lugha yake unaielewa walau kwa kiasi cha kumsikia mgonjwa.

Na kama idara yako haijakubali kusaini mkataba wa masomo, subiri mwaka mwingine, hata kama viza imetoka.

Yule binti alinisikiliza mpaka mzigo wangu ukashushwa. Kisha akaomba kalamu, akageuza bahasha, akachora mstari katikati: masomo ya Ujerumani kushoto, ya Kampala kulia, na chini akaandika jina la mkuu wake wa idara. Akatazama saa. Ofisi ilikuwa inafungwa saa tisa na nusu, na Hiace ya kwenda upande wa chuo ilikuwa inajaza.